Jinsi ya Kupima Hasara ya Kaboni Katika Msitu Uliomegwa Vipande

Msitu unapofyekwa sehemu sehemu kwa ajili ya mashamba, malisho au barabara, kaboni iliyopotea kwa kawaida hukadiriwa kwa kuzidisha idadi ya hekta zilizofyekwa kwa wastani wa kaboni iliyokuwamo katika kila hekta, na hekta zilizosalia huhesabiwa kana kwamba hazikuguswa. Hesabu hiyo ina pengo kubwa. Miti iliyobaki katika vipande huendelea kufa kwa kasi isiyo ya kawaida miaka mingi baada ya ufyekaji kukoma, hasa ile iliyo karibu na ukingo, na kaboni yake hutoka kidogo kidogo bila kuingia katika takwimu zozote za ufyekaji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima hasara hiyo ya pili, kuanzia ramani hadi mti mmoja mmoja, na kisha kurudi kwenye jumla ya msitu mzima. Jambo la kushikilia tangu mwanzo ni kwamba ukubwa wa kipande peke yake hautoshi kueleza hali yake. Kinachoeleza zaidi ni umbali wa kila mti kutoka ukingo ulio karibu nao.

Fahamu kwanza kinachoendelea ukingoni

Mpimaji asiyejua kinachoua miti hatajua pa kuweka ploti zake, yaani viwanja vidogo vya kupimia miti, wala cha kuandika katika daftari lake, kwa hiyo inafaa kuanzia hapo. Ndani ya msitu mpana hewa iliyo chini ya matawi huwa tulivu, yenye ubaridi na unyevunyevu. Msitu ukishakatwa, jua na upepo huingia kwa ubavuni. Udongo hukauka, majani hupoteza maji upesi, na miti iliyokulia mahali palipositirika huanza kung'oka au kuvunjika katikati ya shina kwa kuwa haikupata kujijenga dhidi ya upepo mkali. Miti mikubwa ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu vilele vyake vimeipita miti mingine na hupigwa na upepo na jua moja kwa moja, na pia kwa sababu maji yana safari ndefu kutoka mizizini hadi kileleni wakati wa ukame.

Mwanga mwingi wa ukingoni hustawisha pia mimea ya kutambaa yenye mashina magumu, ambayo hupanda juu ya miti, huielemea, huinyima mwanga na huangusha mti wa jirani pale mmoja unapoanguka. Moto wa mashambani huingia kwa urahisi zaidi katika majani makavu ya ukingoni kuliko katika kina cha msitu. Wakataji wa mbao na kuni huingia kwa njia ile ile. Lipo pia badiliko la polepole ambalo wapimaji wengi hulisahau: wanyama na ndege wakubwa wanaosambaza mbegu kubwa hutoweka katika vipande vidogo, na kwa kuwa miti mingi yenye mbegu kubwa ni miti ya mbao nzito, nafasi yake hushikwa na miti inayokua haraka, yenye mbao nyepesi na maisha mafupi. Msitu unaweza kuonekana wa kijani na wenye miti mingi kama zamani, ilhali kaboni yake imepungua sana.

Ushahidi ulio wazi juu ya jambo hili umetoka katika jaribio lililoanzishwa mwaka 1979 na Thomas Lovejoy kaskazini mwa mji wa Manaus nchini Brazili, ambako vipande vya hekta 1, 10 na 100 vilipimwa kabla ya kutengwa na msitu mkuu na vikaendelea kupimwa baada ya hapo. Mwaka 1997 William Laurance na wenzake waliripoti kwamba ploti zilizo ndani ya mita 100 kutoka ukingoni zilipoteza hadi asilimia 36 ya biomasi yake (uzito mkavu wa miti) katika miaka 10 hadi 17 ya mwanzo. Miaka mitatu baadaye walionyesha kwamba miti yenye kipenyo cha sentimita 60 au zaidi hufa kwa kasi ya karibu mara tatu ikiwa ndani ya mita 300 kutoka ukingoni, ikilinganishwa na miti kama hiyo iliyo ndani kabisa ya msitu.

Matokeo hayo hayapaswi kubebwa na kupachikwa kwenye kila msitu duniani. Katika misitu ya mialoni ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, ukuaji wa miti karibu na ukingo umeonekana kuwa mkubwa kuliko ndani, kwa sababu huko mwanga ndio unaokosekana, huku upepo na ukavu vikiwa havijafikia kiwango cha kuua. Lakini ukuaji huo wa ukingoni hushuka haraka zaidi joto linapokuwa kali. Kwa sababu hiyo upimaji wa mahali penyewe hauna mbadala.

Chora ukingo kabla ya kuingia msituni

Kazi ya kwanza hufanyika mezani. Tafuta picha za setilaiti za miaka tofauti na uchore mpaka wa msitu kwa kila mwaka ulio nao. Picha za setilaiti za Landsat zenye pikseli (vijimraba vya picha) za mita 30, ambazo zilianza kupigwa miaka ya 1980, sasa zinapatikana bila malipo, na zinatosha kujua kila sehemu ya ukingo ilizaliwa lini. Umri wa ukingo ni taarifa muhimu sana. Ukingo wa miaka 3 uko katika wimbi la kwanza la vifo. Ukingo wa miaka 30 pengine umekwisha kuzibwa na vichaka na miti michanga iliyokua kama ukuta, hivyo upepo na ukavu havipenyi tena kwa nguvu ile ile. Ukichanganya kingo hizo mbili katika kundi moja, utapata wastani usioeleza hali ya mahali popote.

Andika pia kinachopakana na kila sehemu ya ukingo. Malisho yanayochomwa moto kila mwaka, shamba la mazao mafupi, shamba la miti na pori linalorudi ni majirani wanne wenye tabia tofauti. Katika vipande vya Manaus, sehemu zilizozungukwa na miti michanga inayorudi zilipata nafuu kuliko zile zilizobaki wazi.

Baada ya hapo, tumia programu ya ramani kukokotoa umbali wa kila eneo la msitu kutoka ukingo ulio karibu nalo, kisha ugawe kipande katika mikanda: kwa mfano mita 0 hadi 50, 50 hadi 100, 100 hadi 300, 300 hadi 500, na zaidi ya 500. Hapa umbo la kipande huonyesha nguvu yake. Chukua kipande cha hekta 100 chenye umbo la mraba, kila upande ukiwa na urefu wa kilomita 1. Sehemu iliyo zaidi ya mita 100 kutoka ukingoni ni mraba wa mita 800 kwa 800, yaani hekta 64, na hekta 36 zinazobaki ni za ukingoni. Sasa chukua kipande kingine cha hekta 100 zile zile, lakini kilichonyooka kandokando ya mto kwa upana wa mita 250 na urefu wa kilomita 4. Ndani yake hubaki ukanda wa mita 50 kwa mita 3,800, ambao ni hekta 19 tu. Hekta 81 ziko ukingoni. Katika kipande cha mraba cha hekta 10, sehemu ya ndani haizidi hekta 1 na theluthi hivi, na katika kipande cha hekta 1 haipo kabisa. Vipande viwili vyenye hekta sawa katika daftari la serikali vinaweza kuwa na akiba tofauti kabisa za kaboni, na tofauti hiyo huonekana katika hatua hii kabla hata mti mmoja haujapimwa.

Kupanga ploti

Ploti ndefu na nyembamba, kama za mita 20 kwa 100, zikilazwa sambamba na ukingo, ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa miti yote ya ploti moja hubaki katika umbali unaokaribiana. Ploti ya mraba ya hekta nzima iliyowekwa ukingoni huanzia mita 0 hadi 100, yaani humeza badiliko lote unalotaka kulipima. Panga mstari unaoingia msituni kwa pembe ya mraba na ukingo, kisha weka ploti katika umbali unaoongezeka: karibu karibu mwanzoni, ambako mambo hubadilika kwa haraka, na kwa nafasi pana zaidi ndani. Vituo vya mita 10, 40, 80, 150, 300 na 500 ni mwanzo mzuri ikiwa kipande kinaruhusu.

Usianzie mstari katika pembe ya msitu isipokuwa pembe zenyewe ndizo unazozichunguza, kwa sababu mti ulio kwenye pembe hupokea upepo kutoka pande mbili. Pima umbali kwa usawa wa ardhi tambarare, si kwa kufuata mteremko. Katika mteremko wa nyuzi 20, mita 50 zilizopimwa juu ya ardhi ni mita 47 tu za kwenye ramani. Kumbuka pia kwamba kifaa cha GPS kinaweza kukosea kwa mita kadhaa chini ya matawi mazito, kosa ambalo ni dogo kwa ploti ya mita 300 na ni kubwa mno kwa ploti ya mita 10. Kwa ploti za ukingoni tumia tepu na dira, na uamue mapema ukingo unaanzia wapi. Mstari wa mashina ya miti ya mwisho yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 10 ni kipimo kinachoweza kurudiwa na mtu mwingine; mwisho wa kivuli cha matawi haurudiki.

Ploti za kulinganishia ndizo zinazoamua kama kazi yote itakuwa na thamani. Inafaa ziwe katika msitu mpana usiomegwa, wenye udongo, mwinuko na mvua zinazofanana na za vipande, na ambao haukuvunwa mbao. Shida yake ni kwamba vipande havibaki kwa bahati nasibu. Watu hufyeka kwanza ardhi tambarare yenye rutuba, na msitu husalia kwenye miteremko, mawe na kingo za mito. Ukilinganisha kipande cha mlimani na msitu mpana wa bondeni, tofauti utakayoipata itakuwa ya udongo na mwinuko, nawe utaiita athari ya kumegwa. Inapowezekana kupata eneo ambalo litafyekwa hivi karibuni kwa kibali kilichokwisha kutolewa, pima sehemu itakayobaki kabla ya ufyekaji kuanza. Vipimo vya kabla na baada, pamoja na vya msitu usioguswa katika muda huo huo, vina uzito kuliko ploti nyingi zilizopimwa mara moja baada ya tukio.

Ama kuhusu idadi, jambo la kuzingatia ni kwamba ploti kumi ndani ya kipande kimoja bado ni kipande kimoja. Ikiwa unataka kusema lolote kuhusu vipande kwa jumla, ongeza vipande badala ya kurundika ploti.

Kupima mti wenyewe

Kipenyo hupimwa katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu; mti ukiwa umeinama, fuata shina lenyewe; ukigawanyika chini ya mita 1.3, hesabu kila shina kuwa mti. Tumia fito yenye urefu wa mita 1.3 badala ya kukadiria kwa kifua chako, maana wapimaji hawalingani vimo.

Mkazo wote uwe kwa miti mikubwa, kwa sababu ndiyo iliyobeba kaboni na ndiyo inayotoweka ukingoni. Miti mingi mikubwa ina mizizi mipana inayoliegemeza shina na kupanda juu ya mita 1.3. Tepu ikizungushwa juu ya mizizi hiyo, mti wenye kipenyo halisi cha sentimita 80 unaweza kusomeka 110, na kwa kuwa biomasi huongezeka karibu na kipeo cha pili cha kipenyo, makadirio ya mti huo yatazidi kwa asilimia 86 hivi. Kwa hiyo panda ngazi, upime nusu mita juu ya mahali mizizi inapoishia, na uandike urefu uliotumia. Mimea ya kutambaa iliyoshikamana na shina iinuliwe ili tepu ipite chini yake. Isikatwe, kwani kuikata ni kubadilisha ploti unayokusudia kuirudia. Piga mstari wa rangi mahali ulipopima, na ubandike lebo ya aluminiamu yenye namba kwa msumari uliopigiliwa mbali kidogo na mstari huo, ili uvimbe unaoota kwenye jeraha usiharibu kipimo kijacho.

Kimo ndicho kinachopuuzwa mno, na hapa kinaleta kosa la aina ya pekee. Wapimaji wengi hupima vimo vya miti michache ndani ya msitu, hutengeneza uhusiano kati ya kipenyo na kimo, kisha huutumia kwa miti yote. Ukingoni uhusiano huo huvunjika, kwa kuwa vilele vimekatwa na upepo na miti yenye kipenyo kile kile ni mifupi. Mti wenye kipenyo cha sentimita 40 ambao ungekuwa na mita 25 ndani ya msitu, ukiwa na mita 20 ukingoni, una biomasi pungufu kwa takriban asilimia 20, na upungufu huo wote hupotea katika hesabu ukitumia vimo vya kukopa. Pima vimo vya ukingoni vyenyewe, angalau miti kadhaa katika kila tabaka la kipenyo na katika kila mkanda wa umbali, na uandike bayana kila mti uliovunjika kilele.

Tambua spishi ya kila mti kadiri inavyowezekana, kwa sababu densiti ya mbao, yaani uzito wake kwa ujazo, hutegemea spishi. Pasipo jina la spishi, wastani wa jenasi au wa familia hutumika, na makosa huongezeka kadiri unavyopanda ngazi hiyo. Wastani mmoja wa densiti kwa msitu mzima ni njia ya hakika ya kuficha badiliko la miti mizito kupisha miepesi.

Kutoka kipenyo hadi kaboni

Kwa misitu ya tropiki, mlinganyo unaotumika sana ni ule uliochapishwa mwaka 2014 na Jérôme Chave na wenzake: biomasi ya juu ya ardhi kwa kilo ni 0.0673 mara zao la densiti ya mbao, kipenyo kwa kipeo cha pili na kimo, zao hilo likiwa limepandishwa kwa kipeo cha 0.976. Densiti huwa katika gramu kwa sentimita ya ujazo, kipenyo katika sentimita na kimo katika mita. Kwa misitu ya ukanda wa baridi tumia milinganyo ya spishi za huko.

Tuchukue mti wenye densiti ya 0.6, kipenyo cha 40 na kimo cha 25. Zao ni 0.6 mara 1,600 mara 25, yaani 24,000. Likipandishwa kwa kipeo cha 0.976 na kuzidishwa kwa 0.0673, tunapata kilo 1,268 hivi. Mara 0.47, ambayo ni sehemu ya kaboni katika biomasi kavu inayopendekezwa na IPCC, jopo la kiserikali la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, tunapata kilo 596 za kaboni. Na tukizidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, tunapata kilo 2,185 za hewa ya ukaa. Tukifanya vivyo hivyo kwa mti wenye densiti ile ile, kipenyo cha 80 na kimo cha 40, biomasi inafika kilo 7,760, zaidi ya mara sita. Kisha tuchukue mti mchanga wa ukingoni, wa aina inayokua haraka, wenye densiti ya 0.3, kipenyo cha 20 na kimo cha 15: kilo 101. Ingehitajika miti 77 kama huo kufidia kifo cha mmoja wa sentimita 80. Ndiyo sababu idadi ya miti kwa hekta, ambayo mara nyingi hupanda ukingoni, haiwezi kutumika kama dalili ya afya ya akiba ya kaboni, na ninasisitiza jambo hili kwa kuwa taarifa nyingi hujivunia idadi hiyo.

Jumlisha miti ya ploti, gawanya kwa eneo la ploti kwa hekta, na uandike tani kwa hekta. Onyesha pia jumla ya miti yenye kipenyo cha sentimita 60 na zaidi peke yake. Kwa kuwa miti hiyo ni michache, ploti ndogo huikosa au huibahatisha, na wastani huyumba. Dawa yake ni kuongeza ploti katika mkanda ule ule.

Miti iliyokufa, mizizi na udongo

Mti unapokufa kaboni yake haitoki siku hiyo. Hubaki katika shina lililosimama au lililoanguka na hutoka kadiri mbao zinavyooza, kwa miaka kadhaa au makumi ya miaka. Kwa hiyo upimaji wa miti hai peke yake huonyesha hasara kubwa mno katika miaka ya mwanzo, na huikosa hasara inayoendelea baadaye. Miti mikavu iliyosimama ipimwe kipenyo na kimo kama iliyo hai, huku ukiandika kama matawi bado yapo. Kwa mashina yaliyolala, nyosha mstari wa mita 100 sambamba na ukingo na upime kipenyo cha kila kipande kinachokatizwa na mstari. Ujazo kwa mita za ujazo katika hekta ni pai kwa kipeo cha pili, mara jumla ya vipenyo vilivyopandishwa kwa kipeo cha pili, ikigawanywa kwa mara nane ya urefu wa mstari. Ukikuta vipande vitatu vya sentimita 12, 30 na 18, jumla ya vipeo vya pili ni 1,368, na ujazo ni karibu mita 16.9 za ujazo kwa hekta. Ujazo huo uzidishwe kwa densiti inayolingana na kiwango cha kuoza: mbao ambayo kisu kinagoma kuingia, ile inayoingia kisu kidogo, na ile inayomomonyoka mkononi. Kata vipande vidogo vya kila kundi, vikaushe na uvipime, kuliko kutumia densiti ya mti hai.

Mizizi hukadiriwa kwa uwiano na biomasi ya juu. Hakuna njia ya kuipima yote bila kuuharibu msitu, nawe eleza tu uwiano uliotumia. Udongo hubadilika polepole zaidi, hivyo kwa kazi ya miaka michache sampuli za kina cha sentimita 30 mwanzoni na mwishoni zinatosha.

Kulinganisha na kukuza hadi msitu mzima

Ukiwa na tani kwa hekta za kila ploti, chora grafu yenye umbali kutoka ukingoni katika mhimili wa chini. Angalia vitu viwili: upungufu ulio ukingoni kabisa, na umbali ambao mstari unaanza kulala sawa na ploti za kulinganishia. Vyote viwili viambatane na kiwango cha mashaka. Usikate shauri mapema kwamba athari inaishia mita 100 kwa sababu wengine walikuta hivyo. Ukame, moto na ukataji huweza kupenya mbali zaidi ya upepo.

Kisha zidisha upungufu wa kila mkanda kwa hekta za mkanda huo ulizozipata kwenye ramani. Kwa mfano wa kufundishia tu, tuseme ndani ya msitu mna tani 300 za biomasi kwa hekta na katika mita 100 za ukingoni mna tani 240. Kipande cha mraba cha hekta 100 kitakuwa na tani 27,840, pungufu kwa asilimia 7.2 kutoka tani 30,000. Kile chembamba cha kandokando ya mto kitakuwa na tani 25,140, pungufu kwa asilimia 16.2. Tofauti ya tani 2,700 imetokana na umbo peke yake. Hesabu hii ndiyo ya kumpelekea anayepanga mahali pa kupitisha barabara, kwa sababu inamwonyesha gharama ya kupita katikati ya msitu badala ya kuuzunguka.

Anayetumia ramani za biomasi za setilaiti badala ya ploti ajihadhari na mtego mmoja. Pikseli iliyo ukingoni huwa nusu msitu na nusu shamba, na biomasi yake husomeka ndogo hata kama hakuna mti uliokufa. Mshuko wa namna hiyo hufanana kabisa na athari ya kweli. Ondoa safu ya kwanza ya pikseli, au mbili ikiwa ramani ina pikseli kubwa, na uone kama mshuko bado upo. Vipimo vya leza vinavyochukuliwa kwa ndege husaidia zaidi, kwa kuwa huonyesha vimo vya vilele na mapengo ya miti mikubwa iliyoanguka, ila navyo havioni densiti ya mbao, hivyo badiliko la spishi huvipita.

Kurudia

Upimaji wa mara moja hueleza akiba. Unaorudiwa hueleza mwendo. Rudi baada ya miaka 2 hadi 5, katika msimu ule ule, kwenye mistari ile ile ya rangi. Kwa kila mti andika kama u hai, umekufa umesimama, umevunjika, umeng'oka, umekatwa au umeungua, na kwa miti mipya iliyofikia sentimita 10 ongeza namba mpya bila kutumia tena namba za iliyokufa. Gawa badiliko la biomasi katika sehemu tatu, yaani ukuaji wa iliyobaki, uingiaji wa mipya na vifo, kwa kila mkanda wa umbali. Mgawanyo huo hufunua mambo ambayo jumla huyaficha: mikanda miwili inaweza kuwa na tani sawa, mmoja kwa sababu hakuna kilichobadilika, na mwingine kwa sababu mti mmoja mkubwa wa mbao nzito umeanguka na makumi ya miti myepesi yamejaza nafasi yake, akiba ambayo haitadumu kama ile iliyotoweka.

Katika ripoti yako taja tarehe za kila upimaji, umri wa ukingo, kinachopakana nao, mlinganyo uliotumika, chanzo cha densiti za mbao, na namna vimo vya miti ya ukingoni vilivyopatikana. Hifadhi data ya kila mti, si wastani wa ploti pekee, ili atakayekuja na mlinganyo bora zaidi baadaye aweze kuhesabu upya bila kulazimika kurudi kupima miti ambayo huenda haitakuwapo tena.